Kuchonga umbo la mtu aliyeketi katika jiwe la Kisii

Mawe ya Kit Mikayi, kule Seme katika kaunti ya Kisumu, yamebebana kiasi kwamba anayeyatazama huona bega, paja na mgongo ulioinama. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kulihamishia umbo hilo katika jiwe la Kisii, yaani jiwe laini la sabuni linalochimbwa Tabaka katika kaunti ya Kisii, lenye kimo cha sentimita 30 hivi.

Hatua ya 1: Mchoro. Zunguka mwamba ukichora mistari ya nje pekee, kisha chagua tendo moja la mwili, kwa mfano kuinamia magoti, na ufute kila kisicholisaidia. Uso, vidole na mikunjo ya nguo huondoka kwanza. Finyanga mfano mdogo wa udongo.

Hatua ya 2: Jiwe. Jiwe la Tabaka lenye mishipa ya waridi huwavutia wanunuzi, lakini mishipa hiyo hushindana na umbo, kwa hiyo mimi huchukua jeupe. Ligonge kwa nyundo ndogo. Sauti iliyoziba huashiria ufa. Limwagie maji pia, kwa kuwa linapokauka ufa hubaki kama mstari mweusi.

Hatua ya 3: Kupunguza. Liweke juu ya gunia la mchanga, ulichonge kwa panga na tezo kwa zamu pande zote. Lilowanishe kila mara na uvae barakoa, maana vumbi lake hudhuru mapafu.

Hatua ya 4: Tundu. Hapa ndipo kazi ilipo. Wachongaji Henry Moore na Barbara Hepworth wa Uingereza walianza kutoboa sanamu zao mwanzoni mwa miaka ya 1930, na nafasi tupu ikawa sehemu ya mwili. Katika sanamu yetu, tundu hukaa kati ya kifua na mapaja. Toboa kwa keke kutoka pande zote mbili hadi mashimo yakutane katikati, kwani ukitoboa kutoka upande mmoja tu, jiwe humeguka pale ncha inapotokea. Lipanue kwa tupa ya mviringo, likiwa limeinama kidogo ili mwanga uingie kimshazari, na usiache bega likonde chini ya sentimita 4.

Hatua ya 5: Kung'arisha. Sugua kwa msasa na maji, kuanzia namba 120 hadi 600. Jiwe likikauka, lipake nta na ulifute kwa kitambaa. Ndani ya tundu usipake chochote. Alama za tupa zikibaki, weupe wake mkavu utatofautiana na mng'ao wa mgongo.