Pampu na Hita ya Maji Zinapogoma Ndani ya Trela ya Safari

Pampu ikinguruma bila kutoa maji, usikimbilie kununua nyingine. Hakikisha kwanza kwamba tangi lina maji, kisha fungua chujio dogo lililo upande ambao pampu huvutia maji, ulisafishe, na ukague mpira wake wa kuzibia pamoja na maungio ya bomba linalotoka tangini, kwa kuwa hata ufa mwembamba kama unywele huingiza hewa na kuifanya pampu ishindwe kuvuta. Ikiwa haingurumi kabisa, kagua fyuzi na upime umeme wa volti 12. Pampu inayoshtuka na kuzima usiku ilhali koki zote zimefungwa huashiria uvujaji, au vali ya kuzuia maji yasirudi imechakaa.

Maji ya moto yakitoka vuguvugu tu, tazama vali ya mchepuko nyuma ya hita, yaani ile inayoyapitisha maji kando bila kuingia kwenye hita. Mara nyingi husahauliwa wazi baada ya majira ya baridi, na maji baridi huchanganyika na ya moto. Nasisitiza: usiwashe kamwe hita kwa umeme kabla tangi lake halijajaa, kwani koili ya kupashia maji huungua upesi mno. Fungua koki ya maji ya moto, usubiri iache kutema hewa na maji yatiririke mfululizo, ndipo uwashe.