Kabla hujaenda mtoni kumtafuta stilihedi wako wa kwanza

Wengi wetu tulio huku jimbo la Washington, kina Kent, Tukwila, Tacoma na kwengineko, tumekulia karibu na maji, huyu Mombasa, yule Tanga, mwengine Kigoma au Uvira kule ziwani, kwahiyo ukisikia kuna samaki wa kuvua kwa ndoano kipindi cha baridi unasema aah hiyo kazi naijua. Mimi pia nilisema hivyo. Nimekulia Mtwapa, mshipi wa mkono nimeushika kabla sijajua kuandika, na bado misimu miwili mizima ilipita sijamtia mkononi hata stilihedi mmoja, na nikikaa nikifikiria naona makosa karibu yote niliyafanya nyumbani kabla hata sijawasha gari.

Jambo la kwanza lijue hili, huyu samaki hagongi hovyo. Wavuvi wa huku wanamuita samaki wa kurusha mara elfu. Unaweza ukasimama mtoni siku nne tano hakuna hata mguso, alafu siku ya sita boya linazama sekunde mbili, basi, hiyo ndo nafasi yako ya mwezi. Kwahiyo kila kitu ntakachokitaja hapa ni cha kuzilinda hizo sekunde mbili, na kukulinda wewe mwenyewe ufike nazo ukiwa mzima.

Stilihedi ni nani hasa? Ni trauti wa upinde wa mvua, yule yule anayeishi kwenye mito ya Mlima Kenya na Aberdare na anayezalishwa pale Kiganjo karibu na Nyeri, spishi ni hiyo hiyo moja. Tofauti ni safari. Huyu wa huku anazaliwa mtoni, akishakua kidogo anashuka mpaka Bahari ya Pasifiki, anakaa huko miaka kadhaa anakula, alafu anarudi kupanda mto kuja kutaga, amekuwa wa kilo tatu, nne, wengine zaidi ya hapo sana. Na samoni wa Pasifiki karibu wote wakishataga wanakufa, lakini stilihedi anaweza kurudi baharini akapanda tena mwaka mwengine. Hilo uliweke kichwani manake ntalirudia tukifika kwenye kumwachia.

Sasa sheria, na hapa usifanye haraka. Leseni ni ya lazima kuanzia miaka 15, unakata kwa WDFW, idara ya samaki na wanyamapori ya jimbo, na angalia tarehe vizuri kwasababu mwaka wa leseni unaanza tarehe 1 Aprili unaisha 31 Machi, yaani unakatika katikati ya msimu wenyewe. Watu wanaenda mtoni wiki ya kwanza ya Aprili na leseni iliyokufa. Unahitaji pia kadi ya kuandika samaki uliowachukua, na unaandika pale pale ukishamchukua, sio ukifika nyumbani. Alafu usiku wa kabla ya safari fungua tena ukurasa wa sheria za dharura uangalie mto wako kwa jina, na sehemu ya mto pia, kutoka daraja gani mpaka mdomo wa kijito gani, kwasababu mto unaweza kufungwa katikati ya msimu samaki wakionekana wachache, na mto mmoja unaruhusu chambo cha mayai wakati jirani yake hauruhusu. Mito mingi inataka ndoano isiyo na kijino, kile kinachozuia ndoano isichomoke, hicho unakibana kwa koleo mpaka kilale kabisa, alafu jaribu ndoano kwenye kitambaa cha pamba, ikishika nyuzi wakati wa kutoka ujue kijino bado hakijalala.

Na ardhi ina wenyewe. Mito ya huku makabila ya asili yana haki ya mkataba nayo, na hukumu ya jaji Boldt ya mwaka 1974 ilisema wana haki ya nusu ya samaki wanaoweza kuvunwa. Ukiona nyavu zao mtoni usiguse wala usilalamike, wana haki nazo. Na ukiwa ndani ya eneo la kabila la Quinault huwezi kuvua peke yako kama mgeni, lazima uwe na mwongozaji wa kabila hilo. Uliza kabla.

Mto gani na lini. Kwa mtu anayeanza mimi namwambia aende mto wenye kituo cha kutotolesha vifaranga vya samaki, kwasababu samaki wa kituo ndo unaruhusiwa kwenda naye nyumbani na pia wanakusanyika sehemu moja wakirudi pale walipolelewa. Mto Cowlitz pale Blue Creek, saa moja na kitu kutoka Tacoma, ni mahali pa watu wengi lakini utajifunza kwa kuangalia tu, na samaki wa baridi wanaingia vizuri kuanzia Februari mpaka Aprili hivi. Upande wa mji wa Forks, huko magharibi, kuna mto Bogachiel, hao wanakuja mapema zaidi, Desemba na Januari. Ukisikia Hoh unaitamani, na kweli ni mto mzuri ajabu, lakini unatoka kwenye barafu za Mlima Olympus na ukanda ule unapata mvua zaidi ya mita tatu kwa mwaka, unaweza ukaendesha gari masaa matatu manne ukakuta maji ya rangi ya saruji.

Kwahiyo kabla ya safari jifunze kusoma kipimo cha mto. USGS, idara ya jiolojia ya serikali ya Marekani, wana vipimo kwenye mito mingi na viko wazi kwenye simu, vinakuonyesha mto unapitisha futi ngapi za ujazo kwa sekunde na grafu ya siku zilizopita. Namba peke yake haisemi kitu kwa mgeni, angalia mwelekeo. Grafu ikiwa inapanda, kaa nyumbani. Ikiwa ilipanda juzi na sasa inashuka taratibu siku ya pili ya tatu, hapo ndo unaomba ruhusa kazini, kwasababu samaki walipanda na yale maji mengi na sasa maji yanaanza kusafika, yanakuwa na ule ukijani kama chupa ya soda, unaona mawe kwenye kina cha mita moja lakini zaidi ya hapo huoni. Hayo ndo maji yenyewe. Yakiwa masafi kama dirisha samaki anakuona wewe kabla hujamuona, unatumia vitu vidogo na rangi za kupoa. Na Cowlitz ina mabwawa juu, maji yanaweza kupanda bila tone la mvua, weka jiwe la alama ukingoni ukifika na ulitupie jicho kila baada ya mda.

Baridi nayo. Maji yakiwa chini ya nyuzi 4 hivi za Selsiasi samaki anakuwa mzito, hakimbilii kitu, lazima umpitishie chambo mbele ya pua. Yakipanda kidogo mchana anachangamka, kwahiyo siku ya baridi kali usiumie kuwahi alfajiri, Desemba jua lenyewe linatoka karibu saa mbili asubuhi na saa kumi na nusu jioni giza limeingia, saa nne mpaka saa nane ndo mda wako.

Sehemu ya kurusha ndo ilinisumbua zaidi kwasababu nilikua nafikiri kama mtu wa bahari, natafuta kina kirefu. Sivyo. Stilihedi anayepanda anataka maji yanayokwenda mwendo wa mtu anayetembea, kina kama mita moja mpaka mbili, chini kuna mawe ya ukubwa wa kichwa yanayomvunjia nguvu ya mkondo. Angalia uso wa maji, ukiona mstari ambapo maji ya kasi yanapakana na maji ya polepole, pitisha boya kwenye huo mstari. Nyuma ya jiwe kubwa, na mbele yake pia watu wanasahau. Na mkia wa dimbwi, pale maji yanapojikusanya kabla ya kumwagika kwenye maporomoko madogo, manake samaki aliyetoka kupambana na yale maporomoko anapumzika pale pale juu. Anza karibu na miguu yako kabla hujaingia majini, mara ngapi nimewakanyaga mwenyewe. Rusha, hatua mbili chini, rusha, hatua mbili. Na ukikuta mtu kaanza usiingie mbele yake, msalimie umuulize anashuka au anapanda, uingie nyuma.

Vifaa nitasema kwa ufupi. Fimbo ya futi tisa mpaka kumi na nusu ya mshipi wa ratili 8 mpaka 12, rili, kile kifaa cha kukunjia mshipi, ya saizi 3000 au 4000, mshipi wa kusuka wa ratili 30 kwasababu unaelea na boya linatembea bila kuvutwa. Mpangilio ni kizuizi cha uzi, ushanga, boya, chubwi, swiveli (kiungo kinachozunguka), alafu lida, yaani kipande cha mshipi wa mwisho, ya sentimita 50 hivi ya ratili 10, mwisho jigi (ndoano yenye kichwa kizito na manyoya) ya waridi au ushanga wa rangi ya yai la samoni. Pima jigi ipite kama sentimita 30 au 40 juu ya mawe, huyu samaki anaangalia juu zaidi kuliko chini. Unaweza kuanza na vijiko vya chuma pia, vile vyambo bandia vinavyometa, ni rahisi.

Lakini mafundo, ndugu yangu, mafundo nisikilize. Stilihedi wangu wa kwanza kabisa kugonga sikumpata. Boya lilizama, nikainua fimbo, nikasikia uzito na kichwa kinatikisika mara tatu nzito nzito, alafu akaruka nikamuona mzima ubavu wa fedha na mstari wa waridi, na mshipi ukalegea. Nikavuta. Mwisho wa lida haukua umekatika kwa ncha kali, ulikua umejikunja vidogo vidogo kama mkia wa nguruwe. Ukiona hivyo ujue mshipi haukukatika, fundo limeteleza. Nililifunga alfajiri kwenye gari, kwa taa ya simu, vidole vimekufa ganzi, nikalikaza likiwa kavu. Tangu siku ile nafunga lida zangu sebuleni, kumi au kumi na tano, natumia Palomar, unakunja mshipi unaupitisha tunduni ukiwa mara mbili, unafunga fundo la kawaida, unapitisha ndoano kwenye kitanzi, unalowesha kwa mate kabla ya kukaza, na kila moja naivuta kwa koleo. Ikikatika sebuleni hujapoteza kitu. Ukifika mtoni kila ukinasa kwenye jiwe pitisha kidole kwenye lida, ukisikia mkwaruzo badilisha.

Na breki ya rili, ile dragi, usiweke kwa kukisia. Jaza maji chupa ya lita moja na nusu, ifunge kwenye mshipi, inyanyue moja kwa moja kutoka kwenye rili, mshipi uanze kutoka taratibu chupa ikiwa inainuka. Hiyo ni kama kilo moja na nusu, inatosha kwa lida ya ratili 10. Akikimbia mwache akimbie, akiruka shusha ncha ya fimbo.

Kuingia majini sasa, na hapa sina utani. Wewe umezoea bahari ya joto, ukianguka unacheka. Maji ya nyuzi 5 ukizama ghafla pumzi inakatika, unavuta hewa bila kutaka, na ukiwa chini unavuta maji, hata kama unaogelea kama pomboo. Weda, ile suruali isiyopitisha maji inayofika kifuani, lazima iwe na mkanda kiunoni umekazwa, ndo unazuia maji yasijae miguuni. Buti zenye misumari, kwasababu yale mawe yana utelezi kama sabuni. Vaa jaketi la kuokoa maisha lile jembamba. Fimbo ya kutembelea shika upande wa juu wa mkondo, sogeza mguu mmoja mmoja, na msimu wa kwanza usivuke goti. Huyo samaki mara nyingi yuko mita tano kutoka ukingoni. Ukichukuliwa, lala chali miguu mbele, usijaribu kusimama mpaka ufike maji ya kina kifupi. Ndani vaa sufi au poliesta, jinzi na pamba acha nyumbani, na kwenye gari acha nguo kavu seti nzima na chai ya tangawizi kwenye chupa. Kule kwa Forks mtandao unakatika, mwachie mkeo au jirani jina la mto, mahali utakapoegesha, na saa ya kurudi.

La mwisho, amua ukiwa nyumbani utafanya nini akifika miguuni. Angalia mgongoni, kati ya pezi kubwa na mkia, kuna kipezi kidogo cha nyama. Kama kimekatwa na pamepona kovu, huyo ni wa kituo, ikiwa mto unaruhusu unaenda naye. Kama kipo ni wa asili, anarudi, na sheria ya jimbo hairuhusu kumtoa majini kabisa, hata kwa picha. Stilihedi wa asili wa Puget Sound, ile ghuba ya huku, wamewekwa kwenye orodha ya walio hatarini tangu 2007, na yule unayemwachia ndo anaweza kurudi mara ya pili. Kwahiyo koleo liwe shingoni sio begini, neti iwe ya mpira, na mwenzako ajue mapema kwamba picha ni moja, samaki akiwa ndani ya maji.

Wangu wa kwanza kumshika mwishowe alikuwa na kipezi. Nilikipapasa kwa dole gumba, laini kama ncha ya sikio. Nikavua glavu, nikalowesha mikono, nikamshika shina la mkia, kichwa kimeelekea juu ya mto, nikangoja. Usimsukume mbele na nyuma, mshikilie tu maji yampite mashavuni. Alikaa labda nusu dakika, alafu mkia ukakaza mkononi mwangu akaondoka, na mimi vidole sikuvihisi mpaka nilipofika kwenye gari.