SOMO: Ukishika karata nzito, uweke dau kiasi gani?

Naandika mara moja, nikiulizwa tena nitamwelekeza mtu hapa. Ni poka ya Texas Hold'em, mbili mkononi na tano mezani, si ile ya kumaliza karata mkononi na kusema "niko kadi". Madau ya lazima, ambayo watu wawili huyaweka kabla ya mgao, ni 10 na 20. Sisi barazani twacheza kwa punje za mahindi, pesa haimo. Hesabu ni ile ile.

1. Karata nzito: ree (A) mbili, kingi (K) mbili, kwini (Q) mbili, ree na kingi. Basi.

2. Hakuna aliyepandisha? Weka 60. Ongeza 20 kwa kila aliyekwisha ingia kwa 20.

3. Hapa ndipo watu huungua. Mtu apata ree mbili, ambazo huja mara moja kwa migao 221, achelea kuwafukuza wenzake, aingia kwa 20 kimya kimya. Meza nzima yamfuata. Ree mbili dhidi ya mtu mmoja mwenye karata zozote hushinda kama mara 85 kwa 100. Dhidi ya watano, 49 hivi. Ukiweka 60 watabaki mmoja au wawili, nao wamelipia.
ONYO: usiweke 60 kwa kwini na 150 kwa ree. Wenzako si vipofu, watakusoma kabla chai haijapoa. Kama meza yenu hakuna anayetupa karata, panda hadi 100, lakini iwe 100 kwa zote nzito.

4. Mwenzako kapandisha 60? Ukiwa wacheza baada yake raundi zijazo, weka 180. Ukiwa wamtangulia, 240, maana kila raundi atakuona ukicheza kwanza.

5. Zikishuka tatu za kwanza mezani: weka nusu ya dau lililoko mezani. Zikiwa kopa tatu na wewe huna kopa, punguza mbio.

MASWALI

Wa Kisauni: Nina ree mbili, niweke ngapi?
— Namba 2.

Wa Majengo: Niliweka 60, wote wakatupa. Si hasara hiyo?
— Umeokota 30 bila jasho. Hasara iko wapi?

Wa Kisauni: Mimi niliweka zote, nikapigwa na saba na mbili. Somo lako halifanyi kazi.
— Nimeandika wapi uweke zote? Na hata hivyo, saba na mbili huzishinda ree mbili kama mara 12 kwa 100. Ilikuwa zamu yake.

Wa Likoni: Ustadh, ree na kingi si jozi. Uzito watoka wapi?
— Swali zuri, ndugu yangu. Dhidi ya ree na kwini washinda karibu robo tatu. Dhidi ya kwini mbili, zako zikiwa za aina moja (tuseme kopa zote), kama 46 kwa 100, si mbaya. Tena wawazibia wengine: ree mbili huundwa kwa njia 6, ukishika ree moja, zabaki 3. Kingi vivyo hivyo.

Wa Likoni: Shukran. Mahindi yetu huisha upesi mtu akipandisha.
— Chukueni komwe za bao, ziko 64. Komwe moja iwe 100, punje iwe 10. Watu watano, kila mtu komwe 12.

Wa Majengo: Sisi twatumia korosho.
— Zitaliwa kabla ya raundi ya pili.