SOMO: Mzunguko wa Wrynose na Hardknott kwa baiskeli (soma mpaka mwisho ndipo uulize)

Wakuu, tangu niweke ile picha ya kibao cha barabarani cha Hardknott, kinachoonya mwinuko wa asilimia 30, inboksi yangu haina nafasi. Swali ni lilelile, mzunguko ule unaendeshwaje, na jibu lilelile. Naandika mara moja hapa, nisisumbuliwe tena.

Mzunguko uko Lake District, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, na unavuka barabara mbili kali za mlimani, Wrynose kisha Hardknott. Unaanzia na kuishia Ambleside, kama kilomita 70. Usiutazame urefu, tazama milima.

1. Kufika: treni mpaka Oxenholme, badilisha, shuka Windermere. Ambleside ni kama kilomita 8 mbele. Nafasi ya baiskeli kwenye treni kubwa iwekwe mapema.

2. Gia: mbele meno 34, nyuma friwili ambayo gia yake kubwa ina meno 34 au zaidi. Pungufu ya hapo utasukuma. Kusukuma si aibu, ila vile viatu vya kunasa kwenye pedali vinateleza vibaya kwenye lami iliyolowa.

3. Ambleside, Skelwith Bridge, Little Langdale. Nenda polepole, hakuna anayekutazama.

4. Wrynose: juu kabisa kuna nguzo ya Three Shire Stone, zilipokutana kaunti za zamani za Cumberland, Westmorland na Lancashire. Kula hapo hata kama husikii njaa. Ukishuka, bonde la kwenda Cockley Beck limenyooka, na upepo wa magharibi utakupiga kifuani.

5. Kupanda Hardknott: mita 393 kutoka usawa wa bahari. Kaa kwenye ncha ya siti, kifua kiinamie usukani, maana tairi la mbele linataka kunyanyuka. Ukisimama juu ya pedali wakati kumelowa, la nyuma linazunguka bure. Barabara ni ya gari moja. Likija, subiri penye upana.

6. Kushuka Hardknott. HAPA NDIPO NILIPOHARIBU, kwa hiyo msinirukie.

Baiskeli yangu ilikuwa ya breki za rimu, zile za mipira inayobana rimu yenyewe. Kwa woga nikazibana zote mbili tangu kileleni, sikuachia hata kidogo. Nikasikia harufu ya mpira unaoungua, nikalisingizia gari lililokuwa mbele yangu. Kwenye kona iliyofuata tyubu ya mbele ikapasuka, paa! Kondoo wakatawanyika, mimi nikatua kwa kiwiko. Kisha nikafanya ujinga wa pili: nikashika rimu nione kama imepinda. Ngozi ya kidole ilibaki pale.

Breki inapasha rimu, rimu inapasha tyubu, upepo wa ndani unatanuka mpaka tyubu inashindwa. Kwa hiyo: bana kwa nguvu KABLA ya kona, kisha achia, rimu ipigwe na hewa. Usibane katikati ya kona. Angalia kokoto kwenye ukingo wa ndani. Na simama kwenye magofu ya ngome ya Warumi, upande wako wa kulia, hata kama hupendi historia. Dakika kumi zinatosha rimu kupoa. Mvua ikinyesha, shuka kwa miguu. Nimesema.

7. Pita Boot, ukifika baa ya King George IV kata kushoto, panda Birker Fell hadi Ulpha. Zile nondo za kuzuia mifugo zilizolazwa barabarani, zivuke ukiwa umenyooka, bila breki.

8. Ulpha, Broughton-in-Furness, Torver, Coniston, Ambleside. Magari yanaongezeka, washa taa.

MASWALI

Kanyagia: Mkuu, ni kilomita ngapi hizo?

Jibu: Aya ya pili.

Mzee wa Phoenix: Mimi ile barabara ya mlima Kitonga, Iringa, nimeipanda na baiskeli ya Phoenix nikiwa kidato cha pili, tena na mkaa nyuma. Mita 393 ndiyo mnatutishia?

Jibu: Kitonga imechongwa ili malori yapite. Hii haikumfikiria mtu wa lori. Panda, kisha ulete picha.

Chuma Kipya: Yangu ina breki za diski, kwa hiyo namba 6 hainihusu?

Jibu: Tyubu yako itapona. Diski nazo zinapata moto na breki zinapoteza nguvu, na tairi lako linashika lami ileile. Inakuhusu.

Binti Leicester: Asante kwa somo. Swali: nani alifikiria kupitisha barabara kwenye mwinuko kama ule?

Jibu: Swali zuri, dada. Warumi walikuwa na njia kutoka Ambleside hadi bandari ya Ravenglass, na ngome ile ya karne ya 2, enzi za Hadrian, ilikuwa ya kuilinda. Barabara ya leo haifuati alama za Warumi kila mahali. Wakati wa Vita ya Pili jeshi lilifanyia mazoezi pale, likaivuruga njia. Ikatengenezwa baada ya vita, ndipo lami ikatandazwa. Ukiwa ngomeni angalia upande wa kaskazini: siku isiyo na mawingu utaiona milima ya Scafell. Scafell Pike, mita 978, ndio mrefu kuliko yote England.

Binti Leicester: Na mwezi gani unafaa?

Jibu: Mei hadi Septemba. Majira ya baridi kuna barafu, usijaribu. Mvua haina mwezi wake: Seathwaite, nyuma ya milima hiyohiyo, hupata zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka. Beba koti hata jua likiwaka.

Fundi Salumu: Nyongeza: kwenye baridi solusheni inachelewa kukauka. Msikalie barabarani mkizibia pancha, bebeni tyubu mbili nzima.

Jibu: Kweli kabisa, fundi. Na gazeti chini ya jezi unapoanza kushuka, linazuia upepo kifuani.

Kanyagia: Chakula je?

Jibu: Hilo sikuliandika, nakubali. Mimi hubeba chapati nne, nimezipaka siagi ya karanga na kuzikunja.

Kanyagia: Za kusukuma au za maji?

Jibu: Za kusukuma. Za maji mvua ikinyesha zinageuka uji mfukoni.