Namna ya Kuwalea Viwavi wa Hariri Bila Kuvuruga Homoni Zao

Mfugaji ambaye vifukofuko vyake, yaani maganda ya hariri ambayo kiwavi hujisokotea, hutoka vyembamba, au ambaye viwavi wake husokota wengine leo na wengine siku kadhaa baadaye, aghalabu hulaumu mbegu, yaani mayai, aliyonunua. Kabla ya kubadilisha mbegu, achunguze kwanza iwapo njaa, joto au sumu imevuruga homoni zinazopanga ukuaji wa mdudu huyu, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi ya ufugaji ni kuzilinda homoni hizo.

Ubongo wa kiwavi hutoa homoni inayoziamsha tezi za kifuani, nazo tezi hizo hutoa ekdisoni, ambayo ndiyo inayoamuru kujivua ngozi. Sambamba nayo iko homoni ya ujana, itokayo katika tezi mbili ndogo zilizo nyuma ya ubongo. Ekdisoni ikipanda wakati homoni ya ujana ingali nyingi, kiwavi hujivua na kubaki kiwavi. Ikipanda baada ya homoni ya ujana kushuka, kiwavi huacha kula, husokota, kisha hugeuka bundo, yaani hatua iliyo kati ya kiwavi na nondo. Kiasi kinachotosha kuleta mabadiliko hayo ni kidogo mno: mwaka 1954 wanakemia Adolf Butenandt na Peter Karlson walitumia takriban kilo 500 za mabundo ya hariri wakapata miligramu 25 tu za ekdisoni. Elimu hii si ngeni Afrika Mashariki, kwani Profesa Thomas Odhiambo, aliyeanzisha icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, jijini Nairobi mwaka 1970, alikuwa amechunguza homoni za nzige wa jangwani.

Anza na joto. Viwavi wachanga wa rika la kwanza na la pili (rika ni kipindi kilicho kati ya kujivua kumoja na kwingine) wahitaji nyuzi 26 hadi 28 za Selsiasi pamoja na hewa yenye unyevu mwingi, ilhali wa rika la tano hustawi katika nyuzi 23 hadi 25 na hewa kavu zaidi. Tundika kipimajoto usawa wa trei, wala si karibu na bati, ambako joto huwa jingine kabisa. Wadudu hutoa kemikali ya mwilini iitwayo oktopamini wanapopatwa na joto kali au msukosuko, nayo huutaka mwili utumie akiba yake ya nishati. Kwa hiyo nafasi ya kutosha na utulivu katika chumba ni sehemu ya lishe yao.

Kiwavi hujivua mara nne. Akikaribia kujivua huinua kichwa, hutulia na kuacha kula kwa muda wa siku moja hivi. Usimlishe wala kumhamisha katika muda huo. Acha tandiko wanalolalia likauke, na usirudishe majani mpaka karibu wote wawe wamekwisha kujivua. Ukiharakisha kwa kuwahurumia wachache waliotangulia, hao watakuwa mbele ya wenzao hadi siku ya kusokota, na kundi halitalingana tena.

Rika la tano ndilo linalostahili uangalifu wako wote. Hudumu siku 7 hadi 8, na ndani yake kiwavi hula zaidi ya robo tatu ya majani yote ya maisha yake. Siku za mwanzo za rika hili kiwavi huwa bado hajafikia uzito unaouruhusu ubongo kuanzisha safari ya kugeuka. Akishinda na njaa kabla ya kufikia uzito huo, homoni ya ujana hukawia kushuka na usokotaji huchelewa. Akishinda na njaa baada ya kuufikia, husonga mbele vivyo hivyo, lakini akiwa na hariri kidogo. Kama majani ni haba, punguza idadi ya viwavi mapema, tangu rika la tatu, kuliko kuwabania wote mwishoni.

Chunguza pia majani yanakotoka. Baadhi ya viuadudu, kama vile pairiproksifeni, huiga homoni ya ujana. Upepo ukiipeleka dawa hiyo kutoka shamba la jirani hadi kwenye mforosadi, yaani mti ambao majani yake ndiyo chakula cha viwavi, viwavi wanaweza kuendelea kula na kunenepa huku wakishindwa kusokota, jambo linaloweza kumdanganya mfugaji kwamba kundi lake lina afya njema. Zungumza na jirani kuhusu siku zake za kupuliza, wala usichume upande unaopakana naye. Zipo dawa za homoni zinazouzwa ili kuwasawazisha viwavi au kuongeza ukubwa wa kifukofuko. Mfugaji mdogo simshauri azitumie, kwa sababu kosa dogo la kipimo au la siku huharibu kundi zima.

Kiwavi aliyeiva huacha kula, mwili wake hung'aa kwa ndani, naye huzungukazunguka akiinua kichwa. Mhamishie kwenye fremu za kusokotea siku hiyohiyo, mahali pakavu penye mwanga hafifu ulioenea sawasawa, na usiitikise fremu. Usokotaji huchukua siku 2 hadi 3, lakini vuna siku ya sita au ya saba, ngozi ya bundo ikiwa imekwisha kukauka, kwani bundo laini hupasuka na kuichafua hariri.