Jirani kaingia kwenye kiwanja chako na anajenga: fuata hatua hizi

Kila mvua zikikatika na watu wakianza kuchimba misingi, simu ni zile zile: "Jirani kaingia kwangu, nifanyeje?" Naandika hapa mara moja, ukiniuliza tena nitakurudisha huku. Mimi ni mpima ardhi, kazi zangu nyingi ziko Mbeya, Iringa na Njombe. Wakili siye. Shauri likifika barazani, tafuta wakili au watoa msaada wa kisheria.

1. Toa karatasi zako zote: hati au ofa, mkataba wa mauziano, risiti, ramani ya upimaji.

2. Piga picha za ujenzi leo, kabla msingi haujafukiwa.

3. Ongea na jirani kwanza, kwa heshima. Mara nyingi mwenye nyumba yuko Dar na hajui lolote. Fundi wake ndiye aliyeseti msingi kwa kuvuta kamba kutoka kwenye uzio wa zamani.

4. Usiguse ujenzi wake. Narudia: usiguse. Mteja wangu mmoja alikuwa na haki kabisa, ukuta wa mwenzake ulikuwa ndani ya kiwanja chake. Usiku akaenda na vijana wakaangusha kozi zote za matofali. Asubuhi yeye ndiye aliyekuwa polisi anaandika maelezo, kwa sababu kuharibu mali ya mtu ni jinai hata kama mali hiyo imekaa kwenye ardhi yako. Kesi ya mpaka ikasubiri, na jirani aliyekuwa tayari kubomoa mwenyewe akakaza shingo. Vilevile usihamishe wala kung'oa bikoni, yaani alama ya mpaka iliyowekwa na mpima, hata ile unayoamini imewekwa vibaya. Hilo nalo ni kosa la jinai.

5. Fufueni mipaka. Hapa ndipo migogoro mingi inapokwisha au inapoharibika, kwa hiyo soma polepole.

Bikoni ni nondo iliyosimikwa kwenye zege, na mara nyingi imezama. Kwenye mitaa ya miteremko, kama ile ya chini ya mlima Loleza, mvua inashusha udongo na bikoni inafukiwa kabisa. Pengine greda la barabara limepita nayo. Kwa hiyo bikoni kutoonekana si ushahidi kwamba jirani kaing'oa. Mpima wa halmashauri, au wa binafsi aliyesajiliwa, atachukua ramani ya upimaji iliyoidhinishwa na kurudisha alama mahali pake kwa vipimo. Usikubali apime kuanzia kwenye uzio, wala kwenye ukuta wa mtu.

Siku ya kupima, jirani awepo. Mwalike kwa maandishi, na mwenyekiti wa mtaa aje, pamoja na majirani wengine wanaopakana nanyi. Ukimleta mpima kimya kimya, hata akipima kwa haki mwenzako atasema umemnunua, na utalipia kazi ile ile mara ya pili. Gharama mkigawana ni bora zaidi: aliyetoa hela yake kwenye kupima huwa mgumu kukataa majibu. Mwisho, dai ripoti ya maandishi yenye mchoro unaoonyesha ukuta umeingia kiasi gani. Maneno ya "nimekuonyesha kwa kidole" hayatakusaidia mbele.

Kama ardhi haijapimwa, mpima hawezi kufufua kitu ambacho hakikuwepo. Hapo wanaosema ni aliyekuuzia, waliopakana nawe na kusaini kwenye mkataba wako, wazee wa mtaa, na alama za zamani kama mstari wa mkonge au misindano. Kaeni wote uwanjani, mkubaliane, muandike, msaini.

6. Asipoelewa, mwandikie barua ya kumtaka asimamishe ujenzi. Nakala serikali ya mtaa, na asaini kwamba amepokea.

7. Nenda halmashauri uulize kama ana kibali cha ujenzi. Chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007, mjini hujengi bila idhini. Wakikuta hana, au amekiuka ramani aliyoombea, wanaweza kumsimamisha wao, ukutani unaona ile X nyekundu. Watu wengi wanairuka hatua hii, nayo ndiyo ya haraka kuliko zote.

8. Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 baraza hili linasuluhisha tu, haliamui nani mshindi. Likishindwa kuwapatanisha, linakupa hati ya kuthibitisha hivyo. Siku 30 zikipita bila suluhu, unaweza kwenda mbele hata bila hati hiyo.

9. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Fungua shauri na papo hapo uombe zuio la muda ili ujenzi usimame. Eleza ardhi yako vizuri: namba ya kiwanja na kitalu, au kama haijapimwa, mtaa, ukubwa na nani yuko kila upande. Mashauri mengi hukwama kwa sababu mtu kaandika "kiwanja changu cha Uyole" basi. Usiporidhika na uamuzi, una siku 45 kukata rufaa Mahakama Kuu.

MASWALI

Kijana wa Nzovwe: Mkuu, jirani kaingia kwangu, nianzie wapi?

Jibu: Hatua ya 1. Soma.

Mama Kihesa: Kiwanja ni cha marehemu baba yetu. Mimi kama mtoto mkubwa naweza kufungua shauri?

Jibu: Pole sana, dada. Hapana, mpaka awepo msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Ndiye anayeshtaki kwa niaba ya mali ya marehemu. Kaeni kikao cha ukoo, mumpendekeze mtu, mwende mahakamani mapema. Msichelewe, kwa sababu madai ya kurudisha ardhi yana kikomo cha miaka 12.

Mzee wa Ilemi: Nimeweka namba za hati (koordineti) kwenye simu, inanionyesha kiwanja changu kiko barabarani! Wapima mnatuibia.

Jibu: Shikamoo mzee. Hakuna aliyekuibia. Namba hizo hutegemea mfumo wa kuhesabu mahali: ramani nyingi za zamani zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, simu inasoma mfumo mwingine, WGS84. Hapa kwetu tofauti inafika mita 300 hivi.

Asha N.: Kwa hiyo tukigeuza namba ziende kwenye mfumo wa simu, tunaweza kujipimia wenyewe?

Jibu: Swali zuri. Ukigeuza utafika karibu na kiwanja, na hiyo inasaidia kujua pa kuchimba kutafuta bikoni. Ila simu yenyewe hukosea mita kadhaa, tena chini ya miti huzidi. Mgogoro wa nusu mita hauamuliwi na kifaa cha hivyo. Ukiiona bikoni, isafishe juu tu, usiitikise.

Boss Makambako: Mimi ningebomoa tu, porojo za nini.

Jibu: Hatua ya 4.

Fundi Tukuyu: Nyongeza. Huku kwetu mvua hazina mchezo. Ukuta ukiwa sawa kwenye mpaka lakini bati linamwaga maji kwa jirani, ugomvi ni ule ule. Rudini ndani kidogo muweke gata.

Jibu: Asante fundi. Na anayekata mteremko ili apate uwanja, ajenge ukuta wa kuzuia udongo kabla ya masika. Udongo wa jirani wa juu ukiporomoka, bikoni inaondoka nao.

Mama Kihesa: Na tukishazipata bikoni, tuzipake rangi?

Jibu: Pakeni, nyeupe inaonekana mbali. Msizimwagie zege jipya juu. Namba iliyoandikwa pale ikifunikwa, mpima atakayekuja baadaye ataanza kazi upya kwa hela yenu.