Hiti paipu kwenye AC kubwa: kama jengo liko Pwani ifunge hivi

Kama jengo lako lina AC ya dakti (njia za bati za kupitishia hewa) inayovuta hewa ya nje na uko Dar, Tanga au Mombasa, soma hii kabla hujatoa hela. Hiti paipu ni mrija wa shaba uliozibwa huku na huku, ndani kuna gesi kidogo ya AC ikiwa kimiminika, upande wa joto inachemka, mvuke unakimbilia upande wa baridi, unarudi kuwa kimiminika na kuteremka ulikotoka. Haina mota wala pampu.

Wengi wanaifunga kati ya hewa inayotoka na inayoingia. Ulaya wakati wa baridi inalipa sana, ila kwetu piga hesabu: nje nyuzi 32, inayotoka 24, tofauti 8 tu, ikikamata nusu umepata nyuzi 4. Kwa mita 1 ya ujazo kila sekunde, 1.2 (uzito wa hewa hiyo kwa kilo) mara 4, ni kama kilowati 4.8. Sio mbaya, lakini unyevu umebaki palepale, na Pwani kinachotutesa ni unyevu.

Ndo maana mi nasema anza na ile inayozunguka koili ya AC (mirija ya baridi inayopoza hewa), mrija mmoja una kichwa, yaani ncha, mbele ya koili na kingine nyuma yake. Hewa ya 32 inapoa hadi 27 kabla haijafika, koili inaishusha hadi 13 na kukamua maji, halafu lile joto lililochukuliwa mbele linairudisha hadi 18 isiingie chumbani baridi mno, bila hita ya umeme. Hapo, kwa hewa ileile ya mita 1 ya ujazo kila sekunde, unaokoa kama kilowati 6 kwenye koili na nyingine 6 kwenye hita, kama hita unayo.

Sasa kwenye kufunga, tafadhali shika levo (pima maji) mkononi. Upande wa hewa ya moto lazima uwe chini kidogo, ule wa baridi juu. Niliwahi kukuta moja imelazwa kinyume, kimiminika hakirudi, mwenye jengo analipia feni isukume hewa kwenye mapezi (vibati vyembamba vya kwenye mrija) yasiyofanya kazi yoyote. Na usitoboe skrubu ovyo, tundu moja tu gesi imekwisha.

Filta iwe mbele, mapezi yaoshwe, chumvi ya bahari haina huruma.

Ukimaliza weka vipimajoto vinne, kabla na baada ya kila kichwa, mashine ikiwa inapiga kazi mchana. Mbele ikishuka 5 na nyuma ikapanda karibu 5, iko sawa. Ikishuka 1, rudi kwenye levo kwanza.